Mshale Hauamkii Mtu

Fundi alikuwa na kifaa kimoja alichokithamini kuliko gereji yake yote, na alikihifadhi ndani ya soksi ya mtoto. Ilikuwa geji ya kupimia presha ya petroli: kisahani cha chuma chenye kioo, kipana kama kiganja, na mshale mwekundu unaotoka sifuri hadi mia. Soksi ilikuwa ya rangi ya waridi. Hakuna aliyewahi kuuliza ilikuwa ya mtoto gani, na yeye hakusema. Sijui alizaliwa wapi wala baba yake aliitwa nani. Nilimfahamu miaka kumi na mitatu nikiwa na shida zangu mwenyewe, na mambo hayo hayakupata nafasi.

Gereji ilikuwa pembeni mwa mji wa Bariadi, chini ya turubai kuukuu lililowahi kufunika pamba kwenye lori. Mvua ikinyesha, turubai lilivuja kila mahali isipokuwa pale alipokaa yeye. Aliwaambia wateja kwamba ameshapima.

Bariadi mafundi ni wengi. Kwetu, fundi mzuri ni yule anayekukabidhi kitu kibovu mkononi. Unampelekea gari, anafungua, anatoa chuma kimoja cheusi kinachonuka, anakwambia, "Hiki ndicho kilichokuwa kinakusumbua." Unarudi nyumbani umeridhika, hata kama gari litazima tena kabla hujafika sokoni. Fundi hakuwa na huruma hiyo. Aliweza kukaa na gari siku nzima halafu akalirudisha bila kubadilisha hata nati moja.

"Gari yako nzima," angesema huku akitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ambavyo alivibeba mfukoni pamoja na misumari.

"Sasa mbona inazima njiani?"

"Gari nimeshaipima. Tumebakiza dereva."

Wateja waliondoka wamenuna, wakaenda kwa mafundi wanaotoa vitu. Baada ya wiki mbili, wengi wao walirudi wakiwa wanavutwa kwa kamba.

"Pima kwanza, laumu baadaye," ndivyo alivyosema kuhusu kila jambo: pampu, ndoa, ugomvi wa kwaya. Lakini mtu huyohuyo hakuwa na saa, na alikuja kazini muda aliojisikia. Msimu wa pamba, alipopeleka mzigo wake mwenyewe kwenye mizani ya mnunuzi, aligeuza uso akatazama barabara mpaka karani alipomaliza. Siku moja nilimuuliza kwa nini hatazami.

"Kipimo cha mwenzako hakichunguzwi," akanijibu.

Kwa muda mrefu niliichukulia kauli hiyo kama busara. Baadaye nikatambua kwamba alimwogopa karani, basi. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, tena wale wakali, wanaokata vitambaa vyekundu kwenye usukani wa magari ya watu na kuvitupa shimoni. "Gari haiendi kwa kitambaa," alisema. "Inaendeshwa na moto, hewa na petroli." Hata hivyo hakuwahi kufungua boneti ya gari la marehemu bila kwanza kusimama kwenye mlango wa dereva na kukiamkia kiti. Nilimwona akifanya hivyo siku ya kwanza nilipompelekea pikapu ya baba.

"Mwangaluka, mzee," alisema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akiwa amekishika kiti kitupu kwenye bega, kama kwamba kiti kina bega. Kisha akasubiri kidogo, akaenda mbele, akafungua boneti.

"Fundi, na kanisa?" nikamuuliza.

"Kuamkia si dini, mayu. Ni adabu."

Alizoea kuniita mayu, yaani mama, ingawa nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa nimezaa. Nilikuwa na wadogo watatu. Mama alitangulia, baba akamfuata, nami niliacha shule kidato cha pili nikajifunza kuendesha. Pikapu ile ilibeba mpunga kutoka Shishiyu, ilibeba wagonjwa, mbuzi na maharusi. Ilitulisha. Lakini tangu baba afe ilianza kuzima. Asubuhi ilikwenda vizuri. Jua likishapanda, katikati ya safari, ilikohoa mara tatu na kunyamaza.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuwa na maelezo yake. Alisema kaka yake hajaridhika. Masamva, wazee wetu waliokufa, wamelishika gari. Kwenye kikao cha ukoo alisimama, akakohoa kama pikapu yenyewe, akapendekeza liuzwe kabla halijaua mtu, na sisi tugawanywe. Mmoja angepelekwa kwa ndugu wa Ipililo, mmoja kwa wa Kasoli, mmoja angebaki kwake kuchunga. Mimi ningeolewa, kuna mtu alikuwa ameshaulizia, mwenye ng'ombe.

Wazee wa ukoo walimsikiliza vizuri, maana alizungumza vizuri. Lakini waliona haya kidogo kutugawa kama nyama, wakatoa sharti. Baada ya wiki tatu niende Shishiyu na kurudi, mchana wa jua, baba mdogo akiwa ndani kama shahidi. Gari likirudi kwa miguu yake, tunabaki pamoja. Likirudi kwa kamba, limeamua lenyewe.

Hayo yote nilimweleza Fundi siku ile. Alisikiliza akiwa ameinamia injini, na nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Umeshabadilisha nini?"

Nilimtajia: plagi, koili, nyaya, chujio la mafuta, na betri ambayo haikuwa na kosa lolote.

"Kuna aliyepima?"

"Hapana."

Akaingiza mkono kwenye droo, akatoa soksi.

Kazi ile ilimchukua asubuhi nzima, maana aliifanya kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Kwanza alichomoa fyuzi ya pampu, akaliwasha gari mpaka likajizimia lenyewe, ili petroli isimrukie akikata bomba. Akafungua betri. Akaweka ndoo ya mchanga karibu na mguu wangu, akaniambia moto ukiwaka nimwage mchanga kwenye injini, si kwake. Akakata mpira unaopeleka petroli kwenye injini, katikati akapachika kiungo cha njia tatu, akakaza kila upande kwa klampu. Kwenye ile njia ya tatu aliunga mpira mrefu, akaupitisha mbali na ekzosi, ukatokea kwenye kona ya boneti karibu na waipa. Mwisho wa mpira ndipo alipofunga geji, nje, juu ya boneti, kwa kipande cha chuma na nati mbili. Uso wa geji ulimwelekea dereva, kupitia kioo cha mbele.

"Kwa nini usiiweke ndani, hapa karibu na usukani?" nikauliza.

"Wewe nyumbani kwako unalala na petroli kitandani?"

Alirudisha fyuzi na betri, akawasha swichi bila kupiga stata, akapitisha kitambaa cheupe kwenye kila kiungo, akakinusa. Akapitisha tena. Kisha akaniambia niwashe. Mshale ulipanda hadi arobaini ukatulia.

"Hapo ndipo kwake," akasema. "Ukishuka chini ya thelathini, simama wewe kabla gari halijakusimamisha. Ni ya kupimia tu. Safari ya Shishiyu ikiisha naitoa. Petroli haikai juu ya injini kwa mpira mrefu namna hii."

Siku tatu nilijaza tenki pale kituoni na kuzunguka naye juani. Mshale haukutikisika. Wanawake wa sokoni waliniuliza ile ni saa ya nini.

"Si saa, inapima."

"Inampima nani?"

Siku ya nne asubuhi sikujaza. Kwa hesabu yangu mafuta yalikuwa nusu tenki. Saa saba mchana mshale ulianza kucheza, ukashuka thelathini na tano, thelathini, ishirini. Nikasimama. Fundi alishuka, akalala chini ya gari, akaligonga tenki kwa ufunguo. Lililia kama debe.

"Hili lina mafuta ya kuwashia taa," akasema. "Geji ya tenki iko wapi?"

"Ilikufa kabla ya baba."

Akanieleza hapohapo, akiwa bado amelala chali. Pampu ya gari lile hukaa ndani ya tenki, na petroli ndiyo inayoipoza. Petroli ikiwa chini, pampu inakaa uchi, inachemka, inachoka. Ikipoa, inafanya kazi tena. Ndiyo maana gari lilikuwa linafufuka kila jioni na kuwapa watu hadithi.

"Sasa niambie wewe," akasema. "Kwa nini tenki lenu halijai?"

Jibu lilikuwa aibu ya nyumbani. Tangu baba akiwa hai tulikuwa na desturi ya kutojaza tenki, kwa kuwa likijaa linanywewa. Baba mdogo anakaa ua mmoja na sisi na ana pikipiki na mpira. Alfajiri anaingiza mpira, anavuta kwa mdomo, anachukua yake. Baba alijua. Hakusema, kwa sababu mdogo wako akichota kwako hajaiba, amechota. Kwa hiyo baba alinunua mafuta ya kumfikisha aendako tu, nami nikarithi gari pamoja na desturi, na pampu iliyokwisha kuchoka.

Fundi alicheka mpaka akalazimika kutoka chini ya gari.

"Kwa hiyo masamva wanavuta kwa mdomo."

"Nitamsema kikaoni," nikasema.

"Utamsema nani? Baba yako? Wewe mtoto wa juzi, mbele ya wazee? Watakuuliza ulimkamata wapi, na wewe utalia, na yeye atakusamehe. Utakuwa umekwisha." Akatoa michembe, akanipa kipande. "Usimseme. Mshale useme. Mshale hauamkii mtu."

Nikamwambia basi, siku moja kabla ya safari nitajaza tenki na kulilinda mpaka asubuhi. Alikataa.

"Jaza, halafu nenda ndani ukapike."

"Fundi, atachota. Gari litazima. Watoto watagawanywa."

"Ukililinda tutajua kwamba tenki likilindwa gari linakwenda. Hilo tumeshapima. Bado hatujampima baba yako mdogo."

Niliondoka nimekasirika, na nikaendesha nikimtukana mpaka nyumbani, kwa sababu niliona mzee huyu anataka kuwaweka wadogo zangu kwenye geji yake ili ajifurahishe. Hilo bado naliona hivyo. Kwamba ilitoka vizuri haimaanishi alikuwa na haki.

Lakini nilijaza tenki, nikaingia ndani, nikapika.

Asubuhi ya safari baba mdogo alikuja amevaa koti la sherehe. Alisalimia watoto kwa upole, kama mtu anayewaaga. Tulipakia magunia matupu, tukaondoka. Tulipopita Maswa akanyoosha kidole.

"Hicho kidude juu ya boneti ni dawa?"

"Ni kipimo, baba."

"Cha nini?"

"Cha petroli."

Nilisema ukweli, ingawa si wote. Alikitazama kwa muda, kisha akatazama mashamba, kisha akakitazama tena. Mshale ulikuwa arobaini.

Shishiyu tulipakia mpunga, tukala wali na mlenda kwa mama mmoja mteja wangu, tukageuza. Jua lilikuwa limesimama. Tulipoikaribia Bariadi, mshale ulicheza, mara moja, kama sikio la ng'ombe linapofukuza inzi. Thelathini na nane. Thelathini na tatu. Ukashuka chini ya thelathini. Mbele yetu kulikuwa na meza ya kijana anayeuza petroli kwenye chupa.

"Usisimame hapa," baba mdogo akasema. "Nenda mbele."

"Ni chini ya thelathini, baba."

"Mbele kuna kituo kikubwa. Mafuta ya chupa ni machafu."

"Mshale umekataa, baba."

Nikasimama. Muuza chupa akaja anakimbia, lakini hakuja upande wangu.

"Shikamoo mzee. Leo umekuja na gari kabisa? Lile dumu la asubuhi nimeshalimaliza nusu. Umeleta lingine?"

Baba mdogo aliitazama barabara kwa makini, kama Fundi afanyavyo pamba yake ikiwa kwenye mizani.

"Nimekuja kununua," akasema mwishowe.

"Kununua? Mzee una utani wewe." Akanigeukia mimi. "Dada, nikuwekee haya, ni masafi kabisa. Mzee wako ndiye anayeniletea, alfajiri, hata hayajapoa."

"Weka yote," nikasema. "Baba ndiye anayelipa."

Alilipa. Nililoanisha kitambaa nikakilaza juu ya tenki, tukasubiri pampu ipoe, sote watatu tumesimama tunatazama kisahani juu ya boneti. Nilipowasha, mshale ulipanda taratibu, ukapita thelathini, ukafika arobaini, ukatulia. Baba mdogo alivuta pumzi kama aliyepandishwa yeye.

Jioni ileile kikaoni alisimama, akavua kofia. "Gari ni zima," akasema. "Nimeliona kwa macho yangu. Marehemu ameridhika." Wazee wakaitikia, mmoja akasema ni kweli, hata usingizini ameota. Nami nikapiga magoti, nikamshukuru baba mdogo kwa kunisindikiza. Watoto walibaki.

Nilipokwenda kumweleza Fundi, sikusahau kitu: koti, chupa, dumu, marehemu kuridhika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulishuka hadi ngapi?" akauliza.

"Nini?"

"Mshale. Uliposimama."

"Ishirini na nane."

"Ungesimama kwenye thelathini," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Mwezi uliofuata alinifungia pampu nyingine, akatoa mpira mrefu, akaziba ile njia ya tatu kwa bolti. Geji yenyewe, kisahani na kioo na mshale, aliiacha palepale juu ya boneti, haijaunganishwa na chochote. Nikamkumbusha kwamba ameisahau.

"Sijaisahau. Baba yako mdogo ameizoea."

Ilikuwa kweli. Tangu safari ile, baba mdogo akipita uani alilizunguka gari kwa mbali, akiinamisha kichwa kidogo. Tenki likaanza kulala limejaa, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

"Fundi, hii sasa si imekuwa hirizi?"

"Hirizi haina namba," akasema, na hakupenda niendelee.

Miaka ikapita hivyo. Mdogo wangu wa kwanza anafundisha Maswa, wa pili ana duka la dawa za mifugo, wa mwisho yuko chuo na bado ananiomba vocha. Yeye ndiye aliyesema niondoe kile kidude, wenzake wanamcheka. Fundi alikuwa ameshafunga gereji, macho yamemwishia, amehamia Kasoli kwenye shamba lake. Mwaka huu, baada ya kumzika baba mdogo, nilikwenda kumrudishia mali yake.

Nilimkuta mchana amekaa karibu na bustani yake ya nyanya. Aliitambua pikapu kwa mlio kabla hajanitambua mimi. Akaja akipapasa, akafungua mlango wa dereva, akakishika kiti.

"Mwadila, mzee," akasema, akikiamkia kwa salamu ya mchana.

"Fundi, baba mdogo naye tumemzika. Mwezi uliopita."

Akalizunguka gari kwa kuligusa, akafungua mlango wa upande wa pili, akashika kiti cha abiria.

"Mwadila na wewe," akasema. "Hukuwa mtu mbaya. Ulikuwa na kiu."

Nilichukua spana, nikafungua zile nati mbili zilizokuwa zimeshika kutu, nikamwekea geji mkononi. Aliipapasa kioo, akaipangusa kwa shati. Nilitarajia aitafute soksi. Badala yake aliniuliza kama spana bado ninayo.

"Ninayo."

"Ile pale mashine yangu ya kumwagilia. Nina mpwa hapa, mtoto wa dada yangu, ana bodaboda. Kila nikijaza petroli, kesho yake mashine haiwaki. Kumsema siwezi, ndiye anayenipikia."

Akanirudishia geji. Niliishika, nikaitazama mashine, nikamtazama mzee wa kanisa.

"Mpira ninunue wa urefu gani?" nikauliza.

"Mpira wa nini?"

Nilipiga magoti, nikaiweka geji juu ya mashine, nikaanza kukaza nati. Nilipofika ya pili, kijana mmoja alikuja anasukuma pikipiki, akasimama, akanitazama mimi, kisha akakitazama kile kisahani kilichomwelekea.

"Mjomba," akasema, "hicho kinapima nini?"

Fundi alitoa michembe mfukoni, akatafuna kwa muda.

"Petroli," akasema.